Asilimia 96, 71 na 55: Namna ya Kusoma Utafiti wa Maoni Kuhusu Utendaji wa Rais

Mwezi Septemba 2016 wananchi walisikia kupitia redio, magazeti na mitandao ya kijamii kwamba asilimia 96 ya waliohojiwa wanaridhishwa na utendaji wa Rais wa Awamu ya Tano, Dkt. John Pombe Joseph Magufuli, ambaye sasa ni Hayati. Juni 2017 taasisi ileile iliyotoa takwimu hiyo, Twaweza, ilitangaza kuwa kiwango hicho ni asilimia 71. Tarehe 5 Julai, 2018 ikatangaza asilimia 55.

Takwimu hizo tatu zilitoka katika mpango mmoja wa utafiti unaojulikana kwa jina la Sauti za Wananchi, lakini hazikupokelewa kwa namna moja. Baadhi ya walioishangilia ya kwanza ndio walioikosoa ya tatu, na baadhi ya walioitilia shaka ya kwanza ndio walioinukuu ya tatu kama ushahidi usiopingika. Katika pande zote mbili ni wachache waliouliza swali lililopaswa kutangulia, yaani asilimia hizo zilipatikanaje, na zinaweza kubeba uzito kiasi gani.

Swali hilo halijapitwa na wakati. Tafiti za aina hii zinaendelea kufanywa nchini na duniani kote, na mwananchi anayefuatilia taarifa za Serikali atakutana nazo tena, hususan kila uchaguzi unapokaribia. Makala haya yanaeleza namna zinavyofanywa, zinachopima na zisichopima, yakitumia mfano wa Tanzania kwa kuwa ndio ulio karibu zaidi na msomaji.

Jina lenye maana tatu

Ugumu wa kwanza ni wa lugha. Katika Kiswahili cha Tanzania maneno "kura ya maoni" hutumika kwa mambo matatu yasiyofanana. La kwanza ni upigaji kura wa wananchi wote juu ya jambo la kikatiba, kama ule wa Zanzibar wa tarehe 31 Julai, 2010, ambapo asilimia 66.4 ya wapiga kura waliridhia kuundwa kwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. La pili ni mchujo wa ndani ya vyama vya siasa wa kuwapata wagombea, unaoitwa kura za maoni kila mwaka wa uchaguzi. La tatu ni mahojiano na watu wachache waliochaguliwa kitaalamu ili kukadiria mawazo ya watu wote.

Kura ya maoni ya aina ya kwanza ina nguvu ya kisheria, na ya pili ina nguvu ya kanuni za chama. Ya tatu haina nguvu yoyote ya kumweka wala kumwondoa kiongozi madarakani. Kuchanganya majina ndiko kunakomfanya msikilizaji adhani kwamba asilimia 55 ni matokeo ya uchaguzi uliofanyika pasipo yeye kuitwa kituoni. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia neno "utafiti wa maoni" kwa maana hii ya tatu pekee.

Kinachoulizwa hasa

Utafiti wa utendaji wa Rais haumuulizi mwananchi kama anampenda Rais, wala kama atampigia kura. Swali la msingi, ambalo lilianza kuulizwa nchini Marekani katika miaka ya 1930 na George Gallup, mwanzilishi wa taasisi ya utafiti wa maoni iliyoundwa mwaka 1935, ni kama mhojiwa anaikubali au haikubali namna Rais anavyoifanya kazi yake. Maneno ya swali la Gallup yameachwa karibu vilevile kwa miongo mingi, na uthabiti huo ndio unaowezesha Rais mmoja kulinganishwa na mwingine aliyetawala nusu karne kabla yake.

Mtandao wa Afrobarometer, ulioanza kazi mwaka 1999 na ambao mshirika wake nchini Tanzania ni taasisi ya utafiti ya REPOA, huuliza swali la aina hiyohiyo kwa kuweka mipaka ya muda: utendaji wa kiongozi katika miezi 12 iliyopita. Mhojiwa hupewa ngazi nne, kuanzia kutokubali kabisa hadi kukubali kabisa, na anaruhusiwa kusema hajui au hajasikia vya kutosha.

Hapa panahitaji utulivu wa msomaji. Asilimia moja inayotangazwa kwa kawaida ni jumla ya ngazi mbili za juu. Anayekubali kwa moyo wote na anayekubali kwa kusitasita huwekwa katika kapu moja. Kwa hiyo Marais wawili wanaweza kuwa na asilimia 70 kila mmoja, huku mmoja akiungwa mkono kwa dhati na mwingine akivumiliwa tu. Taarifa kamili huonesha ngazi zote nne. Kichwa cha habari huonesha jumla.

Tafsiri nayo hubadili maana bila mtu kukusudia. Mwaka 2016 vichwa vya habari vilitumia maneno "kukubalika", "umaarufu", "kuungwa mkono" na "kuridhishwa" kana kwamba ni kitu kimoja. Mtu anaweza kuridhishwa na kazi ya kiongozi asiyempigia kura. Mfanyabiashara wa soko la Kariakoo anaweza kumsifu Rais kwa kusimamia nidhamu bandarini na bado akakerwa na ukadiriaji wa kodi. Ukimuuliza "unamkubali?" atajibu kwa moyo. Ukimuuliza kuhusu kazi ya miezi 12 atalazimika kupima.

Watu 1,800 na nchi ya mamilioni

Pingamizi linalosikika zaidi ni hili: watu 1,800 wanawezaje kuwasemea mamilioni? Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923 nchini, na ile ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Wengi husema kwamba wao, ndugu zao na majirani zao hawajawahi kuulizwa.

Wakulima wa korosho wanalijua jibu, ingawa hawaliiti kwa jina la kitakwimu. Korosho zinapofika ghalani, mkaguzi hafungui kila gunia. Huchoma bambo katika magunia kadhaa, akatoa korosho chache, akazipasua na kuzihesabu, na kwa hizo daraja la shehena hujulikana. Hakuna mkulima anayelalamika kwamba magunia mengi hayakufunguliwa. Hulalamika, na kwa haki, iwapo bambo lilichomwa katika magunia yaliyo mlangoni pekee, au katika yale yaliyoloa mvua njiani. Ubora wa kipimo unategemea zaidi namna magunia yalivyochaguliwa kuliko wingi wake.

Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi milioni 10 na kupokea majibu zaidi ya milioni 2. Likatabiri kuwa Alf Landon angemshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina ya waliotumiwa kadi yalikuwa yametolewa katika orodha za wenye simu na wenye magari, watu waliokuwa na unafuu wa maisha wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na waliojirudishia kadi hizo walikuwa ni wale walioguswa zaidi na jambo hilo. Gallup, aliyetumia watu wachache mno kuliko hao, alimtaja mshindi kwa usahihi.

Ndiyo maana tafiti za Afrobarometer nchini huanza na orodha ya maeneo ya kuhesabia watu inayotokana na sensa. Maeneo huchaguliwa kwa nasibu kwa uwiano wa watu wa mijini na vijijini, na katika kila eneo huhojiwa watu wanane. Sampuli ya watu 2,400 kwa hiyo hugusa maeneo 300. Kaya huchaguliwa kwa utaratibu usiomwachia mhojaji nafasi ya kubisha hodi anapopapenda, na ndani ya kaya mtu mzima mmoja hupatikana kwa kura. Mhojiwa mmoja akiwa mwanamume, anayefuata huwa mwanamke. Uwezekano wa mtu mmoja kufikiwa ni mdogo sana, na ndiyo sababu wengi hawajawahi kuulizwa. Lakini uwezekano huo unakusudiwa kuwa sawa kwa mkazi wa Masaki na wa kijiji cha mbali wilayani Kibondo.

Kutokana na nasibu hiyo, kiwango cha kukosea kinaweza kukokotolewa. Kwa watu 2,400 ni pointi 2 za asilimia juu au chini, na kwa watu 1,200 ni pointi 3, kwa uhakika wa asilimia 95. Kipimo hiki hakipungui kwa haraka kadiri watu wanavyoongezwa: ili kukipunguza kwa nusu lazima sampuli iongezwe mara nne, jambo linaloongeza gharama bila faida kubwa. Ukubwa wa nchi nao haukibadilishi kwa kiasi cha kuonekana.

Kwa kipimo hicho, kushuka kutoka 96 hadi 71, kisha 55, hakuwezi kuelezwa kuwa ni bahati ya kuchagua watu. Mwaka 2016 na 2017 Sauti za Wananchi ilihoji watu wapatao 1,800 kila mara, na mwaka 2018 zaidi ya 1,200. Tofauti ya pointi 16 au 25 ni kubwa mara nyingi kuliko kiwango cha kukosea. Lakini kama takwimu ingetoka 55 kwenda 57, tangazo kwamba "Rais apanda" lisingekuwa na msingi wowote.

Mtego mwingine ni wa mikoa. Watu 1,800 wakigawanywa katika mikoa 26 ya Tanzania Bara, kila mkoa hupata wastani wa watu 69, na kiwango cha kukosea hupanda hadi takriban pointi 12 kila upande. Anayetumia utafiti wa aina hiyo kudai kwamba mkoa fulani umemkataa Rais na jirani yake umemkubali anasoma kisichoandikwa.

Simu, na waliobaki nje

Sauti za Wananchi ilikuwa na utaratibu wake. Kaya zilichaguliwa kwa nasibu kote Tanzania Bara, zikatembelewa mara ya kwanza ana kwa ana, kisha zikapewa simu na chaja ya mwanga wa jua. Baada ya hapo wahojiwa walewale walipigiwa simu kutoka kituo cha Dar es Salaam mara kwa mara, wakiulizwa kuhusu maji, elimu, usalama, afya na siasa. Kugawa simu kulilenga kuziba pengo ambalo lingewaacha nje wasio na uwezo wa kununua, yaani kutorudia kosa la Literary Digest.

Utaratibu huo una faida ya gharama na kasi. Una pia udhaifu wake: baadhi ya waliochaguliwa hawapatikani tena kadiri muda unavyokwenda, na anayepigiwa mara nyingi huzoea kuulizwa kuliko mwananchi wa kawaida. Aidha, Zanzibar haikuwemo. Kwa hiyo asilimia 96 ilihusu watu wazima wa Tanzania Bara, wakati vichwa vya habari vingi viliandika "Watanzania". Ni kosa linaloonekana dogo kwa aliye Bara.

Tarehe ya swali

Takwimu ya 96 ilitangazwa Septemba 2016, lakini mahojiano yalifanyika Juni. Rais alikuwa ameapishwa tarehe 5 Novemba, 2015, na miezi saba hiyo ilijaa matukio ambayo kila kaya iliyasikia. Sherehe za Uhuru za Desemba 9 ziligeuzwa kuwa siku ya usafi, elimu bila ada ikaanza Januari hadi kidato cha nne, na msako wa watumishi hewa ukatawala taarifa za habari. Mwananchi aliyeulizwa Juni alikuwa akijibu kuhusu hayo. Wa Aprili 2017 alijibu baada ya ukame wa msimu wa 2016/2017 na kupanda kwa bei ya unga. Utafiti hauwezi kuthibitisha kwamba bei ya unga ndiyo iliyoshusha kiwango, ila hakuna anayeweza kuusoma vema bila kukumbuka kalenda.

Fungate ya kisiasa ya kiongozi mpya inajulikana kila mahali. Rais Harry Truman wa Marekani alianza kwa asilimia 87 mwaka 1945 katika vipimo vya Gallup, na mwaka 1952 akafika 22. Matukio ya ghafla nayo hupandisha kiwango kwa siku chache: George W. Bush alikuwa na asilimia 51 mapema Septemba 2001, na wiki mbili baadaye, kufuatia mashambulizi ya Septemba 11, akawa na 90. Utendaji wake haukuwa umebadilika kwa kiasi hicho ndani ya wiki mbili. Taifa lilikuwa limejikusanya nyuma ya kiongozi wake. Baba yake, George H. W. Bush, alifika asilimia 89 mwaka 1991 baada ya vita vya Ghuba, na Novemba 1992 akashindwa uchaguzi.

Kushuka baada ya fungate, kwa hiyo, si jambo la Tanzania pekee, wala si la Rais pekee. Katika utafiti wa 2017 viwango vya wabunge, madiwani na wenyeviti wa vijiji na mitaa navyo vilishuka ikilinganishwa na 2016. Msomaji aliyeambiwa habari za Rais peke yake alinyimwa nusu ya picha: je, wananchi walikuwa wamechoshwa na mtu mmoja, au na hali ya maisha kwa ujumla?

Utendaji na kura

Katika uchaguzi wa Oktoba 2015 Dkt. Magufuli alichaguliwa kwa asilimia 58.46 ya kura halali, dhidi ya asilimia 39.97 za mpinzani wake wa karibu, Edward Lowassa. Miezi saba baada ya kuapishwa akapata 96 katika utafiti wa utendaji. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya watu ambao hawakumpigia kura walisema, angalau mbele ya mhojaji, kwamba anafanya kazi vizuri. Hilo ni jambo la kawaida, na ndilo linalofanya kipimo cha utendaji kiwe na thamani yake: kinaweza kuvuka mipaka ya vyama, jambo ambalo kura haiwezi.

Uchaguzi huohuo unatoa pia fursa adimu ya kulinganisha utafiti na matokeo halisi. Septemba 2015 Twaweza ilitangaza kuwa asilimia 65 wangempigia Dkt. Magufuli na 25 wangempigia Lowassa. Kampuni ya Ipsos nayo ikatangaza 62 kwa 31. Mshindi alitajwa sawasawa na tafiti zote mbili. Kura za mpinzani, hata hivyo, zilikadiriwa chini kwa pointi 15 na 9, zaidi ya kiwango cha kukosea. Wapo waliosema wapiga kura walibadili mawazo katika wiki za mwisho za kampeni. Wapo waliosema baadhi ya wahojiwa hawakutaka kutaja chaguo la upinzani kwa mtu wasiyemfahamu. Maelezo hayo ya pili yanafungua jambo ambalo hesabu ya sampuli haiwezi kulitatua.

Nani amekutuma?

Afrobarometer humaliza mahojiano kwa swali ambalo halionekani katika vichwa vya habari: mhojiwa anadhani ni nani aliyewatuma wahojaji? Pamoja na kwamba mhojaji hujitambulisha mwanzoni kuwa anatoka taasisi huru, katika nchi nyingi za Afrika sehemu kubwa ya wahojiwa hujibu kuwa ametumwa na serikali. Watafiti wamelinganisha majibu ya makundi hayo mawili na kubaini kwamba wanaodhani mhojaji ni wa serikali huwa na sifa nyingi zaidi kwa viongozi. Tofauti hiyo huwa kubwa zaidi pale ambapo uhuru wa kusema ni mdogo.

Mazingira ya Kitanzania yana sababu ya ziada, nayo ni ustaarabu. Kijana mwenye kishikwambi akifika nyumbani kwa mzee, akamwamkia na kukaribishwa kiti, mwenyeji huona si adabu kumsemea vibaya mkuu wa nchi mbele ya mgeni. Tena anakumbuka kwamba kijana huyo hakuja peke yake kijijini; alipitia kwanza kwa mwenyekiti na ofisa mtendaji, na majirani wamemwona akiingia. Jibu la "anafanya vizuri" linaweza kuwa la kweli, la heshima au la tahadhari, na katika jedwali yote matatu huhesabiwa sawa.

Kwa hiyo takwimu ya juu sana, kama 96, inapaswa kusomwa pamoja na swali jingine la Afrobarometer, linalouliza ni mara ngapi watu katika nchi hii hulazimika kuwa waangalifu wanapozungumzia siasa. Takwimu ya 55 nayo ina mantiki yake: katika mazingira ambayo kusifu ni rahisi kuliko kukosoa, mtu anayesema "siridhiki" amevuka kizingiti. Hilo halifanyi majibu ya kutoridhika kuwa sahihi zaidi, ila lingepaswa kumfanya kiongozi yeyote ayasikilize kwa makini.

Sheria na takwimu

Siku chache baada ya matokeo ya Julai 2018, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986 na yenye mamlaka ya kutoa vibali vya utafiti, iliiandikia Twaweza barua ikiitaka ieleze ndani ya siku saba kwa nini isichukuliwe hatua kwa kufanya utafiti bila kibali. Mwezi huohuo pasipoti ya Mkurugenzi Mtendaji wa taasisi hiyo ilichukuliwa na Uhamiaji kwa maelezo kwamba uraia wake unachunguzwa. Mjadala uliofuata uligusa swali la msingi: je, kumuuliza mwananchi maoni yake ni utafiti wa kisayansi unaohitaji kibali, au ni sehemu ya uhuru wa maoni unaolindwa na Ibara ya 18 ya Katiba?

Septemba 2018 Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015, yaliyomtaka anayetaka kutangaza takwimu kupata idhini ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu na kuzuia utoaji wa taarifa zinazopotosha takwimu rasmi. Benki ya Dunia ilieleza wasiwasi wake. Juni 2019 Sheria hiyo ikarekebishwa tena: kutangaza takwimu zisizo rasmi hakukuwa tena kosa la jinai, na ukawekwa utaratibu wa kushughulikia tofauti za kitaalamu. Ni vema ikumbukwe kwamba takwimu ya utendaji wa Rais si takwimu rasmi kwa maana ya idadi ya watu au mfumuko wa bei. Hakuna takwimu rasmi ya kuridhika, kwa hiyo hakuna inayoweza kupotoshwa nayo.

Nchi nyingine zimechagua kubana uwazi wa njia badala ya ruhusa ya kuuliza. Ufaransa, kwa sheria ya tarehe 19 Julai, 1977, iliunda tume ya kusimamia tafiti za maoni zinazohusu uchaguzi. Kenya ina sheria ya mwaka 2012 inayohusu uchapishaji wa tafiti za maoni ya uchaguzi, inayomtaka mchapishaji ataje aliyegharamia, aliyefanya, tarehe, idadi ya waliohojiwa na kiwango cha kukosea, na kuzuia kutangaza matokeo katika siku tano kabla ya siku ya kupiga kura. Sheria hiyo inahusu uchaguzi, si utendaji wa kiongozi katikati ya muhula, lakini mambo inayotaka yatajwe ndiyo yaleyale ambayo msomaji wa Tanzania angepaswa kuyatafuta.

Kwa kawaida yapo. Ripoti za Afrobarometer na za Sauti za Wananchi hueleza tarehe za mahojiano, idadi ya wahojiwa na namna walivyopatikana, pamoja na maneno ya swali na mgawanyo wa majibu kwa umri, jinsia, elimu na makazi. Hupatikana bure, na ripoti za Twaweza huchapishwa pia kwa Kiswahili. Katika ripoti ya 2017, kwa mfano, wazee walionekana kuridhishwa zaidi kuliko vijana, jambo ambalo kwa mpangaji wa sera za ajira lilikuwa na faida kuliko asilimia 71 yenyewe. Vichwa vya habari havikulitaja. Ofisa mawasiliano wa wizara au halmashauri anayeandaa taarifa kuhusu utafiti wa aina hii anaweza kuanzia kwenye jedwali hilo, akaandika pia ni watu wangapi walijibu kwamba hawajui.